HUKUMU YA LEO NI NJIA YA KESHO

Maneno yaliyosemwa barazani mbele ya wanachama, juu ya mahkama, ardhi na mirathi katika nchi ya Shinyanga na Geita





Tulipotangaza kwamba mazungumzo yetu ya leo yatakuwa juu ya hukumu za mahkama, na kwamba mifano yetu mingi tutaitoa Shinyanga na Geita, baadhi ya ndugu zetu walituuliza swali ambalo ni haki yao kuuliza. Walisema: "Sisi watu wa Visiwani tuna nini na Shinyanga? Kule ni nchi ya ng'ombe na pamba, almasi na dhahabu. Sisi tuna karafuu zetu na bahari yetu. Kesi zao zinatuhusu nini?"

Tutajibu kwanza swali hilo, maana asiyejua kwa nini anaambiwa jambo hulisikia kwa sikio moja.

Mahkama ya Rufaa ya Tanzania, tangu ilipoanzishwa mwaka 1979, ni moja kwa pande zote mbili za Muungano. Yako mambo yaliyowekwa nje ya mlango wake, kama tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mambo ya dini ya Kiislamu yaliyoanzia katika mahkama za Kadhi. Lakini mengi yaliyobaki, yawe ya jinai au ya madai, yanaweza kupanda kutoka Mahkama Kuu yetu yakaishia kwa majaji wale wale wanaosikiliza rufaa za watu wa Kahama na Geita. Basi neno walilotamka majaji hao juu ya shamba la mkulima wa bara linaweza kesho kusomwa mbele ya mtu wa Wete au Makunduchi. Ndiyo sababu ya kwanza. Sababu ya pili mtaiona wenyewe tutakapofika kwenye khabari ya wajane wawili wa Shinyanga, nayo haihitaji mwanasheria wa kuieleza.

MAANA YA HUKUMU YA KUFUATWA

Wengi wetu tunadhani kesi ni jambo la watu wawili: mmoja kashinda, mmoja kashindwa, wote wakaenda zao. Mambo sivyo yalivyo. Katika nchi zilizorithi utaratibu wa sheria wa Kiingereza, na yetu ni mojawapo, hukumu ya mahkama ya juu huwafunga mahakimu na majaji walio chini yake katika kila shauri linalofanana na lile la kwanza. Wanasheria huiita hukumu ya namna hiyo hukumu ya kufuatwa. Anayepita Usukumani huona vinjia vyembamba vinavyokwenda kwenye malambo ya maji. Havikuchimbwa kwa jembe. Ng'ombe wa kwanza alipita, wa pili akakanyaga alipokanyaga mwenziwe, na baada ya miaka imekuwa njia ambayo hata mgeni huifuata bila ya kuuliza. Hukumu hufanya kazi namna hiyo hiyo.

Iko ngazi yake. Bara, chini kabisa ni Mahkama ya Mwanzo; juu yake ni Mahkama ya Wilaya; kisha Mahkama Kuu; na juu ya zote Mahkama ya Rufaa. Neno la Mahkama ya Rufaa huwafunga wote walio chini. Jambo hili lilisisitizwa katika kesi ya mwaka 1988 baina ya Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania na Kiwanda cha Uchapishaji cha Taifa, ambapo Mahkama ya Rufaa ilieleza kuwa mahkama za chini hazina hiari ya kuacha kuifuata hukumu yake, hata kama jaji anaona imekosea. Yenyewe ndiyo iliyo na uwezo wa kujisahihisha, nayo huutumia uwezo huo kwa uangalifu mkubwa.

Jaji wa Mahkama Kuu hafungwi na jaji mwenzake wa Mahkama Kuu. Anatakiwa ampe heshima, na asimpinge bila ya sababu nzito. Lakini akitaka kwenda njia nyingine, anaweza. Tunawaombeni mlishike jambo hili, kwa kuwa ndipo penye chanzo cha msiba tutakaouhadithia.

Liko na jambo la pili la kushika. Si kila neno lililo ndani ya hukumu lina nguvu sawa. Liko shina, yaani ile sababu ambayo bila ya hiyo hukumu isingesimama. Na yako matawi, maneno yaliyosemwa kwa kupitia. Shina hufunga, matawi hushawishi tu. Sisi Visiwani tunao mfano wetu, na wengi katika baraza hili wanaukumbuka. Mwezi wa Novemba 2000, katika kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake, Mahkama ya Rufaa ilitamka kuwa kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa sababu Zanzibar peke yake si dola yenye mamlaka kamili. Uamuzi ulikuwa nafuu kwa washtakiwa wa uhaini. Lakini sababu iliyouzaa uamuzi huo ilikuwa chungu kwa wengi wanaoipenda Zanzibar, na mjadala wake ulikuwa ungali hai hata Katiba ya Zanzibar ilipofanyiwa mabadiliko ya mwaka 2010 na kuandikwa kuwa Zanzibar ni nchi. Tunajifunza kuwa hukumu inaweza kumfungulia mtu mlango wa jela na papo hapo ikaweka neno litakalokaa miaka mingi baada ya yeye kwenda zake nyumbani. Kwa hiyo, anayesherehekea hukumu kabla ya kusoma sababu zake ana haraka.

SHAMBA LA MKULIMA NA DHAHABU ILIYO CHINI YAKE

Sasa twendeni bara. Nchi tunayoizungumzia iko kusini ya Ziwa Viktoria. Shinyanga ilijulikana ulimwenguni kwa almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa mwaka 1940. Geita palichimbwa dhahabu tangu zama za Waingereza, mgodi ukafungwa katika miaka ya sitini, na mgodi mkubwa wa kisasa ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Bulyanhulu, katika nchi ya Kahama, ulifunguliwa mwaka 2001. Geita yenyewe ilikuwa wilaya ya Mwanza mpaka ilipofanywa mkoa mwaka 2012, na Bukombe ikatolewa Shinyanga ikatiwa humo.

Mkulima wa huko analima shamba alilolikuta kwa babu yake. Hana hati yenye mhuri. Anachojua ni mpaka wa minyaa, makaburi ya wazee na ushahidi wa majirani. Siku moja anaambiwa kuwa chini ya mtama wake kuna dhahabu, na kwamba imetolewa leseni. Atauliza: mimi ni nani katika ardhi hii? Nina haki, au ni mtu aliyeachwa akae tu kwa hisani?

Jawabu la swali hilo halikutoka Geita wala Shinyanga. Lilitoka Arusha, katika kesi ya mkulima Lohay Akonaay na mwanawe dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Baba na mwana walikuwa wameondoshwa katika ardhi yao zama za vijiji, wakashtaki wakashinda, kisha Bunge likatunga sheria mwaka 1992 ya kuzifuta haki za kimila katika vijiji vya namna hiyo na kuzizuia mahkama zisisikilize mashauri yake. Mwezi wa Desemba 1994 Mahkama ya Rufaa, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikatamka kuwa haki ya ardhi ya kimila ni mali halisi, inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Kwamba kumnyang'anya mtu haki hiyo bila ya fidia ya haki ni kuvunja Katiba. Na kwamba hata pale ambapo hakuna jengo wala mazao ya kudumu, ikiwa mtu ametia juhudi yake katika ardhi ile, anastahiki fidia. Vifungu vya sheria ile vilivyopingana na hayo vikabatilishwa.

Tazameni sasa jinsi njia inavyofanyika. Watu wawili waligombania shamba lao, na wala hawakuwa Wasukuma. Lakini tangu siku ile, mkulima wa Geita anayepimiwa shamba lake kwa ajili ya mgodi ana neno la kusema ambalo baba yake hakuwa nalo. Hakimu hawezi kumwambia kuwa ardhi isiyo na hati si mali. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ilipotungwa, ikaandika kuwa haki ya kimila ina hadhi sawa na haki ya hati. Hatusemi kuwa kila aliyehamishwa alilipwa kwa haki. Malalamiko ya fidia ndogo na iliyochelewa yamekuwa mengi katika nchi ya migodi. Ila tunasema kwamba analalamika akiwa ni mwenye mali, halalamiki kama mwombaji.

Lakini ziko na njia ambazo hazikufanyika. Kabla ya mgodi wa Bulyanhulu kufunguliwa, maelfu ya wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba mahali pale, na kampuni ya kigeni ilikuwa na leseni. Shauri lilifikishwa Mahkama Kuu, Tabora, mwaka 1995. Swali lililokuwamo lilikuwa kubwa: mchimbaji mdogo aliyetangulia kufika ana haki gani mbele ya mwenye leseni? Nchi nzima ya dhahabu ilihitaji jawabu. Mwezi wa Agosti 1996 wachimbaji wakaondolewa kwa amri za watawala, na mashimo yakafukiwa. Ubishi juu ya yaliyotokea siku zile uliendelea miaka mingi, ndani ya nchi na nje, nasi hatukukaa hapa kuuamua. Tunaloliona ni hili: swali lile kubwa lilibaki bila ya hukumu ya mwisho, na kila mchimbaji aliyefukuzwa mahali pengine baada ya hapo alianza upya kama kwamba hakuna aliyetangulia kuuliza.

Namna nyingine ya kukosa njia ni mapatano. Mwaka 2013 wanakijiji wa jirani na mgodi wa North Mara, mkoa wa Mara, walifungua kesi London dhidi ya kampuni iliyomiliki mgodi ule, kwa ajili ya vifo na majeraha. Mwaka 2015 pande mbili zikapatana nje ya mahkama. Mwenye jeraha akikubali mapatano hatumlaumu hata kidogo; ana watoto wa kulisha. Lakini mapatano hayana shina wala matawi. Humfaa aliyetia saini, na anayefuata haachiwi hata mstari mmoja wa kusoma mbele ya jaji.

WAJANE WAWILI WA SHINYANGA

Ndugu zetu, sasa tumefika kwenye khabari tuliyowaahidi.

Sisi tulio wengi hapa tumelelewa katika sheria inayompa mjane fungu lake lililotajwa: thumuni mume akiacha watoto, robo asipoacha. Twaweza kubishana juu ya nyumba na mikarafuu, lakini hatubishani kuwa mjane ana fungu. Basi sikilizeni yaliyoandikwa bara. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilitoa Tangazo namba 436, lililokusanya kanuni za mirathi za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Humo mlikuwamo kanuni kwamba mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza wao. Na mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo aliruhusiwa kuitumia maisha yake, wala haruhusiwi kuiuza.

Mila inapokaa katika vinywa vya wazee hutembea pamoja na watu. Ikishaandikwa katika tangazo la Serikali husimama pale ilipoandikiwa, na watu wakaendelea kutembea.

Mtu wa kwanza kuitikisa kwa nguvu kanuni hizo alikuwa Jaji James Mwalusanya, katika Mahkama Kuu ya Mwanza, mwezi wa Februari 1990, kwenye kesi iitwayo Bernardo Ephraim dhidi ya Holaria Pastory. Mwanamke wa Muleba, katika nchi ya Wahaya, alirithi ardhi kwa wosia wa baba yake, akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akashtaki. Mahkama ya Mwanzo ikampa haki mpwa, Mahkama ya Wilaya ikampa haki mwanamke, na shauri likapanda Mwanza. Katika miaka iliyopita majaji walikuwa wakisema kuwa wanawahurumia wanawake lakini mila itabadilishwa na wenye mila. Jaji Mwalusanya alikataa kusimama hapo. Alisema Katiba sasa ina sura ya haki za binadamu inayokataza ubaguzi wa jinsia, na sheria ya mwaka 1984 imezipa mahkama uwezo wa kuzisoma sheria za zamani kwa kuzirekebisha zipatane na Katiba. Basi, akaamua, mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Hukumu ile ilipita mipaka ya Tanzania. Imesomwa na kutajwa katika nchi nyingi za Afrika.

Kwa mtu aliyekuwa akitazama, ilionekana njia imekwisha kufunguka. Mwanza iko jirani na Shinyanga, na kanuni zilizotikiswa zilikuwa katika tangazo lile lile.

Sasa waje wajane wetu. Tutawataja kwa herufi, kama walivyotajwa katika maandishi ya Umoja wa Mataifa: E.S. na S.C. Wote wawili waliolewa Shinyanga katika mila ya Kisukuma. Waume zao wakafariki. Kwa mujibu wa kanuni za mila, haki ya kurithi na kusimamia mali iliwapita wao ikaenda kwa jamaa wa waume, na wao wakatolewa majumbani mwao pamoja na watoto wao wadogo. Mwaka 2005 walifungua shauri katika Mahkama Kuu, wakiomba kanuni zile zitamkwe kuwa zinavunja Katiba. Shauri la namna hiyo husikilizwa na majaji watatu.

Mwezi wa Septemba 2006 majaji wakatoa hukumu. Walikiri kwamba kanuni zile zina ubaguzi. Tunarudia, kwa sababu ni jambo la ajabu: walikiri. Kisha wakakataa kuzibatilisha. Walisema haiwezekani kuibadilisha mila kwa tamko la mahkama. Walihofia kwamba wakiigusa mila hii moja, basi mila za makabila yote 120 na zaidi zinazoonekana kuwa na ubaguzi zitafuata njia hiyo hiyo. Wakawaelekeza wajane kwenye halmashauri za wilaya, ambazo kwa sheria zinaweza kupendekeza mabadiliko ya mila.

Tulizeni fikra hapa. Majaji wale waliijua vizuri sana nguvu ya hukumu ya kufuatwa. Waliiona njia ikitoka mlangoni mwao na kupita katika vijiji vyote vya Tanganyika, nayo ikawatisha. Hawakusema kuwa wajane hawana haki. Walisema kuwa wenye haki kama hiyo ni wengi mno. Na kwa kuwa majaji wa Mahkama Kuu hawafungwi na mwenzao wa Mwanza, njia aliyoifungua mmoja mwaka 1990 ikapata mwiba wa watatu mwaka 2006.

Wajane wakakata rufaa. Wakangojea miaka minne. Mwezi wa Desemba 2010 Mahkama ya Rufaa ikaitupa rufaa yao bila ya kuligusa jambo lenyewe, kwa sababu amri ya Mahkama Kuu ilikuwa imeandikwa tarehe isiyo sahihi. Kosa halikuwa la wajane. Karatasi ilitoka mahkamani. Lakini waliotoka mikono mitupu ni wao.

Ndipo walipokwenda mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondosha ubaguzi dhidi ya wanawake, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Mwezi wa Machi 2015 Kamati ikatoa maoni yake: Tanzania imevunja mkataba; wajane walipwe fidia; na sheria za mirathi, zikiwamo za mila, zirekebishwe. Maoni ya Kamati hayana askari wa kuyatekeleza, wala si hukumu ya kuwafunga mahakimu wa Shinyanga. Lakini yamekwisha andikwa, na yanaweza kusomwa mbele ya jaji yeyote.

NJIA HUFUNGULIWA TENA

Isije ikadhaniwa kuwa tumekuja kuvunja mioyo. Mwaka 2016 msichana mwanasheria, Rebeca Gyumi, alifungua shauri dhidi ya vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa kwa miaka 15, na hata 14 kwa idhini ya mahkama, hali mvulana alitakiwa awe na miaka 18. Sheria hiyo haitumiki Zanzibar, lakini Shinyanga iliuma sana: katika uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2010, mkoa ulioongoza kwa ndoa za utotoni ulikuwa Shinyanga. Mwezi wa Julai 2016 Mahkama Kuu ikatamka kuwa vifungu vile vinavunja Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, ikatetea kwa hoja za mila na dini. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahkama ya Rufaa ikaitupa rufaa hiyo.

Kwa sheria hii tofauti ni kubwa. Neno la Jaji Mwalusanya lilikuwa la Mahkama Kuu, na wenzake waliweza kulipita pembeni. Neno la mwaka 2019 ni la Mahkama ya Rufaa, nalo huwafunga wote walio chini. Mjane wa kesho wa Shinyanga atakayesimama na kusema kuwa kanuni ya mirathi inambagua kwa jinsia yake atakuwa na msingi imara kuliko E.S. na S.C. Mwenye kumpinga atajaribu kumwambia kuwa ile ilikuwa kesi ya ndoa na hii ni ya mirathi. Hiyo ndiyo kazi ya mawakili: mmoja atasema mashauri yanafanana, mwingine atasema yanatofautiana, na jaji ataamua kama shina ni moja.

Wala hukumu peke yake haitoshi. Ule mwaka mmoja uliotolewa na Mahkama Kuu ulipita, na Bunge halikuwa limebadilisha kitu. Mti hauendi ila kwa nyenzo, walisema wazee wetu. Na hukumu nayo haitembei ila kwa watu wanaoisukuma.

YANAYOTUPASA

Kwa hayo tunaona yako mambo manne yanayompasa kila mwanachama, awe Unguja au Pemba, awe mwanamume au mwanamke.

La kwanza, tusome sababu za hukumu, tusiishie kuuliza nani kashinda. Siku hizi hukumu nyingi za Mahkama Kuu na ya Rufaa hupatikana bure katika mtandao wa TanzLII. Kwa miaka mingi ziliandikwa kwa Kiingereza, na yule ambaye maisha yake yaliamuliwa humo hakuweza kuzisoma. Sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahkama za Tanzania Bara. Hilo ni jambo la kushikilia. Vijana wetu waliosoma wachukue hukumu moja moja, waifasiri, waisome barazani.

La pili, mwenye shauri achunguze karatasi zake kama anavyochunguza noti kabla ya kutoka dukani. Jina, namba, tarehe, mhuri. Wajane wawili walipoteza miaka minne kwa tarehe ambayo hawakuiandika wao. Ukipewa nakala ya amri, isome mbele ya karani, na kama ina kosa, omba isahihishwe siku ile ile.

La tatu, tusiiache kesi njiani kama tuna uwezo wa kuifikisha mwisho. Anayeshindwa katika Mahkama ya Mwanzo na kunyamaza hupoteza shamba lake. Anayekata rufaa na kushinda juu huyaokoa na mashamba ya watu asiowajua. Basi tusimwachie mzigo huo peke yake. Jirani akipigania haki ambayo ni yetu sote, nauli yake na chakula cha watoto wake ni deni letu.

La nne, nalo ni gumu kuliko yote, tuipime hukumu kwa mizani moja. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ni rahisi kuishangilia mahkama inapomkemea tusiyempenda, na kuilaani inapotugusa sisi. Lakini njia haina jina la mtu. Tukikubali leo kwamba mtu fulani ahukumiwe bila ya kusikilizwa kwa kuwa hatumpendi, tumekwisha itengeneza njia, na ipo siku tutapitishwa humo wenyewe.

Ndugu wanachama, tumemaliza. Majaji wale wa mwaka 2006 waliogopa kwamba wajane wawili wakipewa haki, wengine wengi watafuata. Sisi tunasema hofu yao ilikuwa na hesabu sahihi. Wengi watafuata. Wako Kahama, wako Geita, wako Bukombe, wanangojea chini ya miembe ya mahkama za mwanzo na watoto mgongoni. Na katika sheria, ndugu zetu, kule kuwa wengi kusiwe sababu ya kuwafungia mlango.

Wenye maswali wasimame sasa waulize, na wasiopata nafasi leo waandike, nasi tutajibu katika kurasa hizi.